Kodi ya Miezi Sita na Unafiki wa Sera Yetu ya Makazi

Kila msimu wa bajeti kijana wa mjini husikia akitajwa bungeni panapozungumzwa habari za nyumba, na kila msimu anachoahidiwa ni kilekile: atakopeshwa, atanunua, atamiliki. Hakuna anayemuuliza analala wapi usiku huu. Hoja yangu ni nyepesi kuitamka, ingawa najua itawaudhi baadhi ya rafiki zangu walioko wizarani na wasomaji wangu wenye nyumba za kupangisha. Msaada wa makazi unaotolewa na dola yetu ni msaada kwa mnunuzi, ilhali kijana ni mpangaji. Kizuizi kikubwa kuliko vyote kinachomkabili mpangaji huyo ni kulipishwa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo kabla hajakabidhiwa ufunguo, na kizuizi hicho kinaweza kuondolewa kwa sheria fupi isiyoigharimu Hazina hata bei ya gari moja la kiongozi.

Tuanze na hesabu, maana siasa za makazi katika nchi hii zimezoea kuikimbia. Tuchukue mtumishi wa umma kijana, mhitimu wa chuo kikuu, ambaye mshahara wake ni Sh 800,000 kwa mwezi. Sisemi kwamba wote wanalipwa hivyo. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa mwaka 2025 hadi Sh 500,000, na sekta binafsi iko chini ya hapo. Nimemchagua huyu kwa makusudi kwa sababu ana nafuu. Pensheni inachukua asilimia 5, yaani Sh 40,000. Bima ya afya asilimia 3, Sh 24,000. Bodi ya Mikopo, kwa kuwa alisoma kwa fedha zake, inakata asilimia 15 ya mshahara, nayo ni Sh 120,000. Kodi ya mapato inabaki kuwa kama Sh 68,000. Mkononi anapokea Sh 548,000, na hapo sijagusa chama cha wafanyakazi wala mama aliyeko kijijini akisubiri simu ya mwisho wa mwezi.

Sasa kijana huyu amepangiwa kazi Dar es Salaam. Anatafuta chumba na sebule, si jumba, na tuseme amekipata Tabata au Kimara kwa Sh 150,000 kwa mwezi. Kwa kipimo cha kawaida kodi hiyo anaimudu. Ni kama robo ya kile anachopokea, na wachumi wa makazi popote duniani wangemwona yuko salama. Lakini mwenye nyumba hataki Sh 150,000. Anataka Sh 900,000, yaani miezi sita. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja juu yake, baada ya kuwa amekwisha kutoza fedha ya kuonyesha vyumba vitatu ambavyo viwili kati yake alijua fika kwamba vimeshachukuliwa. Jumla ni Sh 1,050,000, karibu mishahara miwili kamili ya mkononi, inayodaiwa kwa mtu ambaye pengine mshahara wake wa kwanza haujaingia, na ambaye posho ya kujikimu ya siku zake za mwanzo inasubiri saini ya ofisa aliye safarini. Mwenye nyumba akidai mwaka mzima, tunazungumzia Sh 1,950,000.

Kwa hiyo tuseme jambo kwa jina lake. Kijana huyu hashindwi na kodi, anashindwa na mkupuo. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo kiini cha makala haya, na ndiyo ambayo sera zetu hazijapata kuitambua.

Dola inampa nini? Inampa rehani. Mwaka 2008 tulitunga sheria ya mikopo ya nyumba na sheria ya umiliki wa sehemu za majengo. Mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya kuzikopesha benki fedha za muda mrefu ili nazo ziwakopeshe wananchi. Mwaka 2023 nyumba za makazi zinazouzwa na waendelezaji kwa bei isiyozidi Sh milioni 50 zikaondolewa VAT. Haya yote yalipokelewa kwa vigelegele kama ukombozi wa mwananchi wa kawaida. Lakini taarifa za Benki Kuu za miaka ya karibuni zinaonyesha riba ya mikopo ya nyumba ikitembea kati ya asilimia 15 na 19. Chukua basi hiyo nyumba ya Sh milioni 50 iliyosamehewa kodi, ikopewe yote kwa riba ya chini kabisa, asilimia 15, kwa miaka 15. Marejesho ni kama Sh 700,000 kila mwezi, na kufikia mwisho mkopaji atakuwa amelipa Sh milioni 126. Mtumishi wetu anapokea Sh 548,000. Hata akifunga mdomo asile, asipande daladala, asiugue, bado anapungukiwa Sh 152,000 kila mwezi ili asaidiwe na serikali yake.

Nimewahi kuifanya hesabu hii ubaoni mbele ya wanafunzi wa mwaka wa tatu. Walicheka. Kilikuwa kicheko ambacho mhadhiri hafurahii kukisikia.

Watetezi wa mpango huu hunijibu kwamba riba itashuka, soko litakomaa, tuwe na subira. Huenda. Lakini hata riba ikishuka hadi asilimia 9, nani amesema kwamba mtu wa miaka 25 anapaswa kununua nyumba? Katika umri huo mtu hajui kama kazi yake itakuwa Dodoma, Mwanza au Mtwara, hajui ataoa au kuolewa na nani, wala hajui kama mwajiri wake atakuwapo mwakani. Kumfunga kwa miaka 15 katika ghorofa moja la Dar es Salaam si msaada bali ni kumtwisha mzigo ambao wazazi wake wenyewe hawakuubeba. Wao walipanga kwanza, wakajenga kidogo kidogo baadaye, tofali kwa tofali, kama ambavyo sehemu kubwa ya mji huu ilijengwa. Kupanga si ugonjwa unaohitaji kutibiwa kwa kununua. Katika jiji lililohesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, kupanga ndiyo njia ya kawaida ya kijana kuanza maisha, na sera yenye akili ingeanzia hapo alipo.

Kuna sababu ya pili ya kutilia shaka msaada wa kununua, nayo ni historia yetu wenyewe. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa fedha za Benki ya Dunia, ilipima viwanja na kuweka huduma za msingi Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikiwalenga watu wa kipato cha chini. Lilikuwa wazo zuri na sina kejeli nalo. Lakini tembea leo Sinza usiku: baa, nyumba za wageni, maduka ya nguo, magari yamepangwa hadi barabarani. Mikocheni sihitaji kuieleza. Kiwanja cha mnyonge, kikishakuwa bidhaa ya kuuzwa na kununuliwa, hupanda ngazi hadi kwa mwenye fedha, na mnyonge wa kizazi kinachofuata huanza upya kutoka Chanika. Benki ya Nyumba nayo, iliyoundwa mwaka 1972, ilikufa mwaka 1995, na mikopo yake haikuwahi kumfikia fundi seremala wa Buguruni kwa kiasi cha kusimuliwa.

Kisha likaja jambo ambalo watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wanalikumbuka vizuri, na baadhi yao, nathubutu kusema, walinufaika nalo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali iliuza maelfu ya nyumba zake kwa watumishi waliokuwa wakiishi humo. Nyumba zile zilikuwa zimehudumia vizazi vya madaktari, mahakimu, walimu na maofisa kilimo. Mmoja akihama, mwingine anaingia. Ziliuzwa kwa kizazi kimoja. Daktari aliyeajiriwa baada ya hapo alikuta geti la nyumba ya mganga mkuu lina jina la mtu binafsi, naye akaelekezwa kwa dalali. Huo ndio msaada wa kumilikisha ulivyo unapotazamwa kwa jicho la mtu aliyechelewa kuzaliwa.

Linganisha na kitu kimoja kidogo ambacho wanafunzi wangu wanakijua kwa jina. Hosteli za Magufuli zilizofunguliwa mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zina nafasi za wanafunzi 3,840. Zilipata nyufa mapema na nyufa zile zikapata umaarufu kuliko hosteli zenyewe, hayo tuyaache. La muhimu ni kwamba hakuna aliyependekeza vitanda vile wauziwe wanafunzi waliotangulia kuingia. Wanakaa, wanamaliza, wanatoka, wanaingia wengine. Jengo lilelile limekwisha kuhudumia mikupuo kadhaa ya vijana na litaendelea hivyo maadamu linakarabatiwa. Kwa nini kanuni hiyo inayoeleweka na kila mtu chuoni inakufa siku kijana anapovaa joho la mahafali?

Sitaki kuwa mchoyo wa sifa. Magomeni Kota, ambako familia 644 zilizokuwa zimebomolewa makazi zilirejeshwa katika maghorofa yaliyozinduliwa mwaka 2022, palitendeka haki, na haki ile ilikuwa imecheleweshwa mno. Lakini ilikuwa haki kwa wakazi wa zamani. Kwa upande wa walioajiriwa jana, Shirika la Nyumba la Taifa limetangaza mpango wa nyumba 5,000, likianza na 560 za Kawe, na hizo ni za kuuza. Mfuko wa hifadhi ya jamii nao, kwa michango ya wafanyakazi ambao wengi wao ni wapangaji, uliingia katika mradi wa Dege huko Kigamboni, uliopangwa kuwa na nyumba zaidi ya elfu saba, ambao ulisimama mwaka 2016 ukiacha magofu yanayoonekana kutoka baharini. Wafanyakazi wanaokosa chumba cha Sh 150,000 walizika fedha zao katika vijumba vya kifahari visivyo na madirisha. Nikiambiwa kwamba serikali haina fedha za kusaidia makazi ya vijana, huwa naikumbuka Dege.

Tuirudie sasa kodi ya mkupuo, maana hapo ndipo jambo linapouma na ndipo watu wangependa tupite haraka. Kulipa miezi sita mbele ni nini kiuchumi? Ni mkopo. Mpangaji anamkopesha mwenye nyumba Sh 900,000 bila riba, bila dhamana, mara nyingi bila hata karatasi, na mwenye nyumba anaurejesha mkopo huo kwa kumruhusu alale. Fedha hiyo ndiyo inayoezeka chumba kinachofuata, ndiyo inayolipa ada ya mtoto wa mwenye nyumba, ndiyo inayonunua kiwanja kingine Kivule. Kwa kuwa benki zetu hazikopeshi kwa riba ya kibinadamu, tumemgeuza mpangaji kijana kuwa benki ya mwenye mali. Tena ni benki ya ajabu, kwa sababu ili imkopeshe mwenye nyumba bure, yenyewe hukopa kwa riba ya kuangamiza. Vijana wanachukua mikopo ya mtandao, wanachukua kile ambacho mtaani kinaitwa kausha damu, wanauza simu, wanaweka rehani kadi ya benki na namba ya siri juu yake. Yaani maskini anakopa kwa riba ili amkopeshe asiye maskini bila riba, na jambo hili tumelizoea kiasi cha kuliita utaratibu.

Na si fedha tu inayolipwa. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, binti mwerevu aliyepata kazi katika kampuni moja jijini, alinieleza kwamba alikataliwa vyumba vinne kwa sababu hana mume, na cha tano alikubaliwa kwa sharti la mwaka mzima. Hakuwa nao. Akakaa miezi minane kwa jamaa huko Chanika, akitoka saa kumi na nusu alfajiri. Wenzake, aliniambia bila kutaja majina na sikumwomba ayataje, walilipiwa mwaka huo na watu wazima waliokuwa tayari kuwalipia. Tunapoandaa semina za maadili kwa mabinti vyuoni, tukitumia fedha za wafadhili na chakula cha mchana kizuri, ingefaa ukumbini tuandike ubaoni tarakimu moja: 1,950,000. Anayetaka kujua namna uhuru wa msichana aliyesoma unavyonunuliwa aanze na mkataba wake wa pango.

Nataja pia mtu anayekwisha lipa. Akishatoa mkupuo wake hana nguvu yoyote. Choo kikiziba mwezi wa pili, atahama aende wapi na fedha zake ziko mfukoni mwa mwenye nyumba? Akipata kazi mkoa mwingine mwezi wa tatu, miezi mitatu imepotea. Soko huria, ambalo wanauchumi wenzangu hulitetea kwa moyo, linahitaji mnunuzi anayeweza kuondoka. Kodi ya mkupuo inamwondolea mpangaji miguu, kisha tunamwambia ashindane sokoni.

Tulikuwa na sheria. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 iliweka kodi elekezi na mabaraza ya nyumba ya mikoa, ikafutwa mwaka 2005. Simo katika kundi linaloomboleza kila kifungu chake. Kodi zilizogandishwa wakati mfumuko wa bei ukikimbia ziliwafanya wenye nyumba waache kukarabati, na mabaraza yale yalikuwa makaburi ya mafaili. Lakini tulipoifuta tulitupa beseni pamoja na mtoto aliyekuwa akiogeshwa. Tuliondoa udhibiti wa bei na hatukubakiza hata kanuni ya kusema malipo ya mbele yasizidi kiasi gani. Tangu hapo kauli za kukomesha kodi ya miezi sita zimetolewa na viongozi zaidi ya mara moja, zikapigiwa makofi, zikapata vichwa vya habari, na wenye nyumba wakaendelea kuhesabu noti. Ninachokidai mimi hakigusi bei. Mwenye nyumba apange kodi atakayo. Adai mwezi mmoja mbele na amana ya mwezi mmoja, basi. Nairobi huo ndio uzoefu wa kawaida mitaani, na wenye nyumba wa Nairobi hawajulikani kwa huruma.

Wasomaji wa Kenya wasinielewe vibaya. Siwaonei wivu kwa yote. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, mfanyakazi wa Kenya anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri wake anaongeza kiasi hichohicho ili zijengwe nyumba za kuuzwa. Kijana wa Kayole anayelipa pango kila mwezi anachangia nyumba ambayo uwezekano wa yeye kuingia humo ni wa bahati nasibu. Ni kosa letu lilelile la kumsaidia mnunuzi, ila wao wamelifanya kwa bidii zaidi na kwa fedha ya mpangaji. Waingereza walitangulia. Mpango wao wa kuwasaidia watu kununua nyumba, ulioanza mwaka 2013 na kufungwa 2023, uliwapa wanunuzi mkopo wa serikali wa sehemu ya bei. Mwaka 2022 kamati ya baraza lao la juu la bunge ikatoa taarifa kwamba mahali ambapo msaada ulihitajika zaidi, mpango huo ulipandisha bei za nyumba kuliko thamani ya ruzuku yenyewe. Ukimwongezea mnunuzi fedha bila kuongeza nyumba, fedha hiyo huishia kwa muuzaji. Hili halihitaji shahada ya uzamivu.

Somo lililo karibu zaidi nasi liko Afrika Magharibi, na lina pande mbili. Sheria ya Ghana ya mwaka 1963 inakataza kudai zaidi ya miezi sita mbele, na wenye nyumba wa Accra wanadai miaka miwili bila kujificha. Lagos ilitunga sheria yake mwaka 2011 ikiwa na makatazo yanayofanana, na imezoeleka kuvunjwa. Kwa hiyo anayeniambia kwamba sheria peke yake haitoshi ananiambia ninalolijua. Lakini tazama Ghana ilichofanya baadaye: mwaka 2023 ilizindua mpango wa kitaifa wa kuwakopesha wapangaji fedha ya kodi ya mbele, nao wairejeshe kidogo kidogo. Wako watakaoleta wazo hilo hapa, na litapendeza kwa sababu litakuwa na uzinduzi, fulana na hundi ya mfano. Nalipinga hapa kabla halijafika. Mfuko wa aina hiyo bila katazo linalotekelezwa unaufanya uvunjaji wa sheria kuwa huduma ya serikali. Mwenye nyumba aliyekuwa akidai miezi sita, akijua mfuko upo, atadai mwaka.

Utekelezaji basi utoke wapi? Hapa ndipo ninapokataa katakata kisingizio cha kwamba serikali haina namna ya kuwafikia wenye nyumba mmoja mmoja. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakusanywa kupitia LUKU. Ilianza kwa Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapandishwa kuwa Sh 1,500 mwaka 2023. Kwa maneno mengine, serikali imeiona kila nyumba yenye mita ya umeme, imeihesabu na imeitoza. Na anayeweka umeme katika nyumba ya kupanga ni nani? Ni mpangaji. Kijana wetu anamlipia mwenye nyumba kodi ya mali ya mwenye nyumba, na ni nadra kumsikia aliyerudishiwa. Dola iliyoweza kuipata mita ukutani ili ichukue Sh 1,500 inaweza kuipata mita ileile ili iandikishe mkataba wa pango: namba ya mita, jina la mwenye nyumba, jina la mpangaji, kiasi cha kodi, tarehe. Simu ya kawaida inatosha. Kodi ilipwe kwa njia inayoacha kumbukumbu, na ulipaji wa zaidi ya mwezi mmoja mbele ujionyeshe wenyewe.

Adhabu nayo iwe rahisi na isihitaji polisi. Kila shilingi iliyodaiwa mbele kupita kiwango ihesabike kuwa kodi ya miezi inayofuata mara mbili. Mwenye nyumba aliyechukua miezi sita ajue kwamba mpangaji, akifika baraza la ardhi na nyumba la wilaya na ujumbe wake wa muamala, atakaa miezi kumi na mmoja. Sheria inayompa aliyedhulumiwa faida ya kudai haki yake haihitaji kampeni ya uelimishaji. Ada ya dalali ilipwe na aliyemtuma, naye ni mwenye nyumba.

Nafahamu hoja ya upande wa pili, na ni hoja nzito. Mwenye nyumba wa Dar es Salaam si bepari wa vitabuni. Mara nyingi ni mwalimu mstaafu au mjane mwenye vyumba vinne vya uani, na anachokihofia ni mpangaji atakayekaa bila kulipa, asitoke, na kesi yake ichukue miaka. Kwake miezi sita ni bima. Sikubaliani na wanaharakati wanaomcheka mjane huyo. Lakini dawa ya hofu yake ni baraza linaloamua shauri la kodi isiyolipwa ndani ya siku 30, pamoja na dhamana inayomlipa miezi miwili pale mpangaji kijana anapokwama. Hapo ndipo ningetaka fedha ya umma iende. Mfuko wa dhamana hulipa pale tu panapotokea tatizo, na wengi wa vijana wanalipa. Wameonyesha hivyo kwa kulipa miezi sita mbele wakiwa hawana kitu. Dola idhamini mwezi unaokuja, na iache kumtaka kijana ajidhamini kwa nusu mwaka. Mjane atapata uhakika ambao leo hana, kwa kuwa hata sasa miezi sita ikiisha mpangaji mkaidi hatoki.

Upande wa ujenzi nitasema machache. Shirika la Nyumba liliundwa mwaka 1962, katika miezi ya mwanzo ya uhuru, na kwa miaka mingi maana ya jina lake mitaani ilikuwa nyumba ya kupanga. Lirudi huko kwa sehemu ya kazi yake. Halmashauri za miji zina viwanja katikati ya miji, vingine vimegeuzwa maegesho ya magari mabovu. Zijengwe kota za vijana zisizouzwa kamwe, chumba na sebule, kodi ya mwezi kwa mwezi inayorudisha gharama, mpangaji akae miaka mitano au sita kisha ampishe mwingine. Kifungu cha kutouza kiandikwe katika sheria yenyewe, si katika mwongozo wa bodi, kwa sababu tumekwisha kuona miongozo inavyobadilika mnada unaponukia.

Sasa kwenu watumishi mlioko Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi, na najua mnasoma kwa sababu mnaniandikia faraghani. Muswada ninaouzungumzia unaenea katika kurasa nne: mkataba ulioandikishwa, mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja, notisi, siku 30 za baraza, mfuko wa dhamana. Rasimu zinazofanana na huu zimekwisha kupita mezani kwenu. Swali la haki ambalo wabunge wanapaswa kulijibu kwanza, kabla ya kuujadili, ni wangapi kati yao wanapangisha nyumba na wanadai miezi mingapi mbele. Wanafunzi wangu wa sheria wanaweza kuliandaa dodoso hilo kwa jioni moja, na mwezi Agosti, watakapoanza kuzunguka na dalali kutoka Msewe hadi Makongo wakitafuta vyumba, watakuwa na muda mwingi wa kulisambaza.